Ngozi Mpya, Kiti Kile Kile?

Kiti cha ngozi katika gari kuukuu hufikia siku ambayo mwenye gari hana budi kuchagua. Anaweza kuitibu ngozi iliyopo: kuisafisha, kuziba nyufa na kuirudishia rangi. Anaweza kufumua kipande kilichokufa na kushona kingine mahali pake. Anaweza kuvua ngozi yote na kukivika kiti upya, kwa ngozi halisi au ya bandia. Au anaweza kukitoa kiti kizima na kufunga kingine kilichotoka katika gari lililovunjwa kwa ajili ya spea. Uamuzi huu huonekana kuwa wa fundi na mfuko tu, lakini ndani yake mna maswali matatu ambayo wanafalsafa na wanadini wameyachambua kwa karne nyingi. Kitu kilichobadilishwa sehemu zake hubaki kuwa kile kile hadi wapi? Binadamu ana wajibu gani kwa kitu alichokitumia hadi kikachakaa? Na ni lini kutengeneza hugeuka kuwa kudanganya?

Katika kaunti za Meru na Embu, mashariki mwa Mlima Kenya, maswali haya hayakai vitabuni, kwa kuwa huko magari huzeekea kazini. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Sharti hilo limo katika kiwango cha KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya. Kwa hiyo gari linaloshushwa Mombasa kutoka Japani mara nyingi huwa limekwisha kukaliwa miaka kadhaa. Huanza maisha ya pili jijini, kisha huuzwa kwa mwingine, na mwingine tena, hadi linapofika kwa mkulima wa majani chai wa Manyatta, mwalimu wa Runyenjes, mwenye duka wa Nkubu au mfanyabiashara wa miraa wa Maua. Mercedes za miaka ya 1980, Toyota Crown na Mark X, na Subaru zilizoagizwa na ngozi ndani hupanda mlima huu zikiwa na viti vilivyokwisha kubeba watu wengi.

Ngozi ya gari ni ngozi ya ng'ombe, iliyotengenezwa kiwandani, aghalabu kwa chumvi za kromiamu ambazo huipa kwanza rangi ya samawati. Ikishapunguzwa unene hadi kiasi cha milimita moja au zaidi kidogo, hupakwa rangi, na juu ya rangi huwekwa tabaka jembamba la plastiki lisilo na rangi. Abiria wa gari la kisasa kwa kawaida haigusi ngozi yenyewe. Hugusa tabaka hilo. Ndiyo maana uchakavu huanzia juu kwenda chini. Kwanza tabaka hupoteza mng'ao na kukwaruzika, kisha rangi hulika, kisha nyuzi za ngozi zilizoachwa wazi hunywa jasho na mafuta ya mwili, hukauka, hukakamaa na kupasuka.

Mazingira ya mashariki mwa Mlima Kenya huharakisha mambo hayo kwa namna yake. Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na mji wenyewe uko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hivyo jua linalopenya kioo cha mbele ni kali hata siku ambayo hewa ni baridi. Upande wa Mbeere, katika sehemu za chini za Kaunti ya Embu, joto na ukavu huikausha ngozi upesi. Sehemu za juu, udongo mwekundu huingia garini kama matope wakati wa masika na kama vumbi wakati wa kiangazi, na chembe zake husugua ngozi kila mtu anapoketi. Kwa kuwa usukani wa magari ya Kenya uko kulia, dereva huingia na kutoka upande huo. Ukingo wa nje wa kiti chake, unaosuguliwa na paja na mfuko wa suruali kila safari, ndio unaokufa kwanza, huku kiti cha nyuma kikiwa bado kizima.

Fundi wa viti anayeujua ufundi wake huanza kwa kutambua ni nini hasa kilichochakaa. Kama ni rangi tu, ngozi huoshwa kwa sabuni laini na brashi, huondolewa mafuta, hujazwa dawa ya nyufa, husuguliwa kwa msasa mwembamba, kisha hupakwa rangi na tabaka jipya la juu. Kama ngozi imechanika lakini pembeni ni imara, kitambaa hubandikwa kwa ndani ili kushika kingo mbili pamoja kabla ya kujaza. Kama mshono ndio uliokatika, hushonwa upya kwa uzi wa nailoni au poliesta kupitia matundu yale yale ya zamani, maana kila tundu jipya la sindano huidhoofisha ngozi. Kama sponji imebonyea, kupaka rangi ni kazi bure: ngozi isiyo na kitu cha kuiegemeza itakunjamana na kupasuka tena palepale. Na kama ngozi imekuwa kavu kama karatasi, inakatika kwa vidole, hapo ndipo hufumuliwa vipande vyote, vikatumiwa kama ruwaza za kukatia vipya, kisha vazi jipya likavutwa juu ya sponji na kufungwa kwa vipete vya chuma kwenye fremu. Wapo wanaofika kwa fundi na kiti wanachokiita cha ngozi kumbe hakikuwahi kuwa ngozi. Viti vingi vya Mercedes za zamani vilivikwa plastiki imara iitwayo MB-Tex, ambayo hudumu kuliko ngozi nyingi na haihitaji mafuta ya ngozi kabisa.

Swali la kwanza hutokana na kazi hiyo yenyewe. Kiti kikitiwa sponji mpya mwaka huu, ngozi mpya mwaka ujao na fremu nyingine baada ya ajali, bado ni kiti kile? Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kuweka mwingine, hadi wanafalsafa wakaifanya mfano wa mabishano yao. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, aliongeza ugumu: vipi kama mtu angekusanya mbao zote zilizotolewa na kuziunda tena kwa mpangilio ule ule? Merikebu zingekuwa mbili, na kila moja ingekuwa na dai la kuwa ile ya kwanza. Katika viwanja vya kuvunjia magari jambo hili si la kubuni. Kiti cha gari moja hufungwa katika gari jingine la aina hiyo hiyo, na ngozi ya kiti cha tatu ikavikwa juu ya sponji ya cha nne.

Majibu makuu ni matatu. La kwanza husema kitu ni mata yake, yaani kile kilichoundwa nacho: ikibadilika mata, kimebadilika kitu. Jibu hili ni gumu kulishikilia, maana tangu siku ya kwanza kiti hupoteza chembe za rangi kwa kila nguo inayokigusa, na hakuna anayesema kwamba jioni ana kiti kingine. La pili, lenye mizizi kwa Aristotle, husema kitu ni umbo na kazi yake. Kiti ni kile kinachobeba mwili wa dereva kwa namna iliyokusudiwa, na madamu kinafanya hivyo, mata hupita tu ndani yake. John Locke alilikuza wazo hilo kwa viumbe hai: mwaloni uliotoka mche hadi mti mkubwa ni mmoja kwa sababu uhai mmoja huendelea ndani ya mata inayobadilika. La tatu husema kitu ni historia yake: ni mfululizo usiokatika wa matumizi, utunzaji na umiliki. Kwa jibu hili, kiti kilichotengenezwa hatua kwa hatua ni kile kile, lakini kilichong'olewa kizima na kubadilishwa siku moja si kile, hata kama vinafanana kwa kila kitu.

Jamii za Embu na Meru zina njia zao za kufikiri juu ya kuendelea kwa kitu ambacho sehemu zake hupita. Miongoni mwa Waembu, kama ilivyo kwa majirani wao wa Mbeere na Kirinyaga, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Nafasi ya babu katika ukoo haibaki tupu, ingawa hakuna anayedai kwamba mjukuu ni babu mwenyewe. Kwa Wameru, Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru huko Tigania, limebadilisha wazee wake wote mara nyingi, lakini maamuzi ya kale juu ya ardhi na ndoa huendelea kunukuliwa kama maamuzi ya baraza lile lile. Mifano hii miwili inatofautisha mambo ambayo fumbo la merikebu huyachanganya. Jina hurithi nafasi bila kudai kwamba mwenye nafasi ni yule yule. Baraza hudai kuwa lile lile kwa sababu kila mzee mpya aliingizwa na waliokuwapo, chini ya taratibu walizozirithi, na wala halikuvunjwa siku moja likaundwa upya.

Tofauti hiyo inakifaa kiti. Kiti kinachotiwa ngozi mpya kwa kufuata ruwaza ya ile ya zamani, juu ya fremu ile ile, kimepokea sehemu mpya katika mpangilio uliokuwapo, kama baraza. Kiti kizima kutoka gari jingine kimerithi nafasi tu, kama mjukuu. Yote mawili ni halali, ila si sawa, na mwenye gari anayesema viti vyake ni vya asili ana wajibu wa kujua anasema lipi.

Swali la pili ni la wajibu. Hapa dini zinazofuatwa Meru na Embu zina mengi ya kusema, na hazisemi kitu kimoja. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui, upande wa pili wa Mto Tana, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba dini za jadi za Kiafrika hazitenganishi kwa ukali mambo ya roho na mambo ya vitu. Katika nyumba za jadi za Wameru na Waembu ngozi ilikuwa nguo, tandiko na kamba, na kila moja ilitoka kwa mnyama aliyefahamika, aliyechinjwa kwa sababu iliyofahamika, nyama yake ikagawanywa kwa wanaostahili. Kuitupa ngozi yake ovyo kungekuwa kumdharau mnyama na waliomla pamoja. Ngozi ya kiti cha gari imekata uhusiano huo. Hakuna ajuaye ng'ombe alitoka nchi gani. Lakini kutomjua mnyama hakufuti ukweli kwamba alikuwapo.

Uislamu unagusa ngozi moja kwa moja. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Mtume Muhammad alipita mbele ya mzoga wa kondoo aliyekuwa amepewa mjakazi wa Maymuna, akauliza kwa nini ngozi yake haikuchukuliwa ikatengenezwa na kutumiwa, kwa kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu. Mafunzo mawili hutoka hapo. Utengenezaji wa ngozi husafisha. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ngozi ya kila mnyama hutwaharika hivyo isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Na kuacha chenye manufaa kiharibike ni jambo la kuulizwa. Likiunganishwa na katazo la israfu, yaani ubadhirifu, fundisho hili humwelekeza Mwislamu kutengeneza kabla ya kubadilisha. Hata hivyo israfu ina upande wa pili: kutumia fedha nyingi kurudisha fahari ya kiti cha gari ambalo injini yake haitamaliza mwaka nako ni kuvuka mpaka.

Kwa Wakristo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi tangu misheni za Kimethodisti, Kikatoliki na Kianglikana zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, hoja huanzia kwenye uwakili: binadamu amekabidhiwa vitu, si mmiliki wa mwisho. Lakini Injili ya Marko, sura ya pili, ina mfano unaoonekana kupinga utengenezaji: hakuna ashonaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, kwa sababu kiraka kitavuta na tundu litazidi. Mfano huo ulihusu mafundisho mapya na desturi za zamani, lakini unasimama juu ya ujuzi wa kweli wa ushonaji, na fundi wa viti anaujua. Ngozi mpya hunyumbulika na ya zamani hainyumbuliki. Kipande kipya kikishonwa katikati ya ngozi iliyokakamaa, mvutano hupita kwenye mshono na upande wa zamani hupasuka kando ya uzi. Mfano haukatazi kutengeneza. Unafundisha kwamba utengenezaji una masharti, na sharti la kwanza ni kwamba kile kinachobaki kiwe na nguvu ya kukibeba kile kinachoongezwa.

Ngozi bandia huleta pingamizi lake: kama mnyama ndiye hoja, si afadhali plastiki isiyoua kitu? Jibu lina pande mbili. Ng'ombe wengi huchinjwa kwa ajili ya nyama, na ngozi hufuata. Mahitaji ya viti vya gari huongeza thamani ya ng'ombe, lakini kwa sehemu ndogo. Kwa upande mwingine, plastiki ya viti haiozi, na mahali ambapo taka huchomwa nje ya mji moshi wake huwafikia majirani. Anayechagua ngozi bandia kwa sababu ya dhamiri ana hoja ya kuheshimiwa, iwapo vazi hilo litadumu. Anayeichagua kwa sababu ni rahisi na itabadilishwa tena baada ya miaka miwili amehamisha mzigo tu, kutoka kwa mnyama kwenda kwa ardhi.

Mbali na mnyama na ardhi, upo wajibu kwa mwili utakaokaa hapo. Magari mengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, na mshono wa sehemu hiyo umeundwa kwa makusudi upasuke mfuko unapofumuka wakati wa ajali. Kuvika ubavu huo vazi jipya lenye uzi imara wa kawaida, au kuufunika kwa kava zima, kunaweza kuuzuia mfuko usifumuke kwa wakati. Chini ya baadhi ya viti pia kuna kihisi cha kutambua kama mtu ameketi. Hapa utengenezaji mdogo ni bora kimaadili kuliko ubadilishaji mzuri wa macho, na fundi asiyejua kilichomo ndani ya kiti hana haki ya kukifungua.

Swali la mwisho, la ukweli, ndilo zito zaidi, kwa sababu kiti ni shahidi. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, na udanganyifu huo unajulikana katika biashara ya magari yaliyotumika. Ukingo wa kiti cha dereva haurudi nyuma wenyewe. Mnunuzi mjuzi anayeona mita ikisema kilomita 60,000 na ukingo wa kiti ukiwa umelika hadi kwenye sponji anajua ni kipi cha kuamini. Kwa hiyo kukivika kiti upya kabla ya kuuza kunaweza kuwa urembo, na kunaweza kuwa kumnyamazisha shahidi. Kazi ya mikono ni moja katika hali zote mbili. Kinachotofautisha ni nia na maneno yanayofuata.

Sheria na dini hukutana hapa. Katika hadithi nyingine, Mtume aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini mna unyevu uliofichwa na nafaka kavu ya juu, akamkemea muuzaji na kumwambia angeiweka ile yenye unyevu juu watu waione. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ikampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo humtaka anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani auze zenye ubora unaokubalika, lakini haimlindi mnunuzi aliyekagua dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inaongeza haki ya mlaji kupewa habari anazohitaji. Kwa mantiki hiyo, kasoro iliyo wazi ni jukumu la mnunuzi, na iliyofunikwa ni jukumu la aliyeifunika. Ngozi mpya huihamisha kasoro kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili, na pamoja nayo huhamisha wajibu wa kusema.

Hekima ya Kiswahili yenyewe imegawanyika, na mgawanyiko huo unafundisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema methali moja, na hiyo ni sheria ya kwanza ya ngozi: mwaka mmoja wa kupuuza rangi iliyolika hugharimu kipande kizima. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, husema nyingine: ngozi nzuri ya zamani iliyotunzwa inaweza kuipita ngozi bandia mpya kwa uimara na kwa thamani. Lakini ipo pia kipya kinyemi ingawa kidonda, inayoonya jinsi upya unavyopendeza hata unapoficha ubovu. Na la kuvunda halina ubani: ngozi iliyokatika nyuzi zake haiponywi kwa mafuta wala rangi.

Ukiunganisha majibu ya maswali yote, utaratibu wa uamuzi hujipanga. Madamu nyuzi za ngozi zinashika, kutengeneza ndio wajibu wa kwanza, kwa sababu huhifadhi mnyama, ujuzi wa fundi na historia ya kiti kwa pamoja. Nyuzi zikifa sehemu moja tu, kipande hubadilishwa hadi kwenye mshono, ili kipya na cha zamani visivutane. Zikifa kote, kuvika upya si kukata tamaa wala kiburi. Kiti hupata mata mpya kwa kazi ile ile na hubaki cha gari lile, mradi ubavu wenye mfuko wa hewa usiharibiwe. Kubadilisha kiti kizima ni kwa fremu iliyopinda au iliyoliwa na kutu, na aliyefanya hivyo hana tena kiti cha asili, ana mrithi wake. Katika kila hatua, gharama ipimwe na maisha yaliyobaki ya gari, si na fahari ya mwenyewe. Na kila kazi iliyofanywa iwe ni ile ambayo mwenye gari angeweza kuieleza kwa mnunuzi bila kubadili neno. Ile isiyoweza kuelezwa, hata kama mshono wake ni wa kunyooka, si matengenezo.